Usalama wa Chakula Huanzia Shambani

Mwaka 2016 baadhi ya wenzetu wa Dodoma na Manyara walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo kinga yake haiko jikoni. Tangu Julai 2019 Shirika la Viwango Tanzania limekabidhiwa usalama wa chakula. Sisi hukagua viwanda, hupima sampuli na kuondoa sokoni kisichofaa. Lakini mahindi ya kujilimia hayapiti mbele ya mkaguzi yeyote. Hapo mlinzi ni ninyi: yaanikeni juu ya turubai, yahifadhini yakiwa makavu, tengeni punje zenye ukungu, wala msiwape mifugo. Dukani, nunueni unga wenye alama ya ubora. Mkiutilia shaka, tupeni taarifa.