Kuacha Mshahara Ndiyo Mwanzo wa Kazi



Katika safari zetu za matawini twakutana na vijana wenye kazi nzuri: walimu, makarani, waganga. Wote hutuuliza swali moja. Husema, "Tuna mshahara kila mwisho wa mwezi, na uzeeni tutapata pensheni. Lakini moyo hautulii. Twataka kurudi kwa watu wetu tujenge kitu pamoja nao. Je, tuache kazi?" Sisi tuliosomea ualimu twalijua swali hilo, maana nasi lilitunyima usingizi. Leo twataka kulijibu hapa barazani, mbele ya wote.

Habari hii ikizungumzwa, jina la kwanza kutajwa ni la Mwalimu Julius Nyerere. Alikuwa amesoma Makerere na Edinburgh, elimu ambayo Waafrika wachache sana wa Tanganyika walikuwa nayo, na alikuwa akifundisha Pugu. Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa achague: ualimu au siasa. Akaacha ualimu.

Wengi wetu huikomesha hadithi hapo, tukapiga makofi. Lakini ndugu zangu, barua ya kuacha kazi huandikwa kwa dakika kumi. Kesho yake mtu huyo atakula nini? Watoto wake je? Mwalimu alirudi kwao kwa miezi kadhaa, na aliporejea Dar es Salaam alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes. Wakati huo huo Bibi Titi Mohamed na wenzake walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba na katika vikundi vya ngoma. Kufikia Oktoba 1955 walikuwa wamekwisha andikisha wanawake wapatao 5,000. Wengi wa akina mama hao hawakuwa na mshahara wa kuacha. Walitoa muda wao na senti zao. Bila watu kama hao Mwalimu angekuwa mwalimu asiye na kazi, basi.

Naye alilijua hilo. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na Januari 1962 aliuacha Uwaziri Mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili aende mikoani kukijenga chama. Mara ya pili aliacha kiti kikubwa zaidi kwa sababu ile ile: alitaka kuwa pale watu walipo.

Si kila mtu atakuwa Nyerere, wala haimpasi. Kwa hiyo tuwatazame vijana wasio na jina kubwa. Mwaka 1960, huko Songea, vijana wa TANU Youth League wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kuanzisha kijiji mahali paitwapo Litowa. Zamani hizo wanaume wa Songea waliiacha nchi yao kwa wingi, wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali. Vijana hawa walisema: tutabaki kwetu, tulime pamoja, tule pamoja. Moyo walikuwa nao. Chakula hawakuwa nacho cha kutosha, na safari ya kwanza ilishindwa. Wakaanza tena, na mara hii kijiji kikasimama. Wakalima shamba la pamoja, wakajenga nyumba, wakavuta maji, wakaanzisha shule ambayo watoto walisoma na kulima. Kazi ya kijiji iliamuliwa katika mkutano wa wanakijiji wenyewe. Vijiji vingine vikaona, vikafuata, vikaunda pamoja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hata vikafika 17 hivi. Mwaka 1967 Mwalimu alipoandika juu ya ujamaa vijijini, watu wa Litowa walikuwa tayari wakiishi maneno hayo.

Yaliyofuata hatutayaficha, ingawa yanatuuma sisi watu wa chama. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama cha vijiji vile. Mali waliyoipata kwa jasho lao ikachukuliwa. Viongozi walisema maendeleo ya vijiji ni kazi ya chama na serikali. Watu walioamua mambo yao kwa miaka kadhaa wakaamuliwa na wengine. Anayetaka kujenga jamii aikumbuke siku hiyo, na kiongozi wa chama aikumbuke zaidi: chama kikiogopa watu wanaojitegemea, chajiogopa chenyewe.

Basi, kijana, jibu letu ni hili. Kwanza jiulize, waondoka kwenda wapi? Ukiwa umegombana na mkubwa wako wa kazi, hiyo ni hasira, nayo haipandi mahindi. Pili, nani amekuita? Nenda likizo yako ijayo ukakae kijijini, ushike jembe, ukae barazani usikilize kabla ya kusema. Tatu, chakula cha msimu wa kwanza kiko wapi? Njaa haijali imani ya mtu. Nne, je, waweza kuamriwa? Wewe mwenye cheti utasimama mkutanoni, na mzee asiyejua kusoma atasema shauri lako halifai, nao watu watamfuata yeye. Ukiweza kulala usingizi mwema usiku huo, njoo. Usipoweza, baki ofisini. Utajenga vizuri zaidi ukiwa huko.

Maana wanaobaki nao wana kazi. Mwalimu mmoja akiacha mshahara, wenzake watano walio na mshahara na wamlishe mpaka mavuno. Kila mmoja atoe kidogo mwisho wa mwezi, na hesabu isomwe hadharani. Tusimsifu mtu kwa kuacha kazi kisha tukamwacha peke yake porini. Hiyo si sifa, ni kumtupa.

Tawi lililo na kijana wa namna hii lisingoje barua kutoka juu. Likutane juma hili, limwite, limuulize maswali hayo manne, kisha lijiulize lenyewe swali la tano: sisi tutatoa nini?

Uhuru na Kazi!