Ajali ikitokea, weka kiberiti chini

Leo tunazungumza juu ya barabara, na juu ya yale yanayofuata damu ikishamwagika.

Unaijua barabara inayotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikipita Lubumbashi na Likasi hadi Kolwezi. Makamyo ya shaba, mafuta na asidi yanapishana humo usiku na mchana, na kandokando kuna masoko na watoto wanaokwenda shule. Mwezi wa pili mwaka 2019, kamyo la asidi lilipata ajali upande wa Tenke, na watu wapatao 20 wakafa. Hiyo ilitangazwa. Wanaokufa mmoja mmoja hawatangazwi.

Tuseme leo kamyo limemgonga mtoto wa jirani yako. Dereva anaruka na kukimbia. Vijana wanamfukuza, wengine wanatafuta petroli. Mtoto amelala chini, hakuna wa kumshika. Ukiwauliza vijana kwa nini hawangoji polisi, watakujibu: "Wangapi wamepelekwa polisi, na kesho yake tunawaona tena kwenye usukani?"

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Sheria ya jinai ya Congo, artikeli 53, inatoa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 kwa aliyeua bila kukusudia. Kwa mwenye msiba ni kidogo sana. Na hata hicho kidogo mara nyingi hakifikiwi. Familia inapewa jeneza, gunia la unga na pesa ya matanga, karatasi inatiwa saini, faili inalala. Mwenye kamyo anaona kwamba kuzika mtu ni nafuu kuliko kununua breki mpya.

Lakini tazama moto unaleta nini. Dereva aliyesikia kwamba mwenzake alichomwa hasimami tena. Anakanyaga mafuta, na majeruhi ambaye angepona anafia barabarani. Tena kamyo likiungua, ushahidi unaungua nalo: breki, matairi, karatasi za bima. Anayepata faida ni mwenye kosa.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mtazame aliyeumia. Wengine wasimamishe magari, wengine watafute njia ya kumfikisha hospitali.

Pili, andika nambari ya plake na jina lililoandikwa mlangoni. Piga picha kabla gari halijasogezwa.

Tatu, kama dereva yupo, wazee na shefu wa avenyu wamsindikize polisi akiwa mzima. Dereva aliyekufa hawezi kusema nani alimtuma na gari bovu.

Nne, ulizeni PV imeandikwa na faili imepelekwa parke gani. Ulizeni pia gari lina bima wapi. Sheria inalazimisha kila gari liwe na bima, na fidia hudaiwa huko.

Tano, fidia si hukumu. Mkipokea pesa ya mazishi, iandikwe kwamba ni ya mazishi tu. Usitie saini karatasi ambayo hujasomewa katika lugha unayoielewa. Mapatano ya familia na dereva hayafuti kosa, na familia ina haki ya kuingia katika kesi na kudai fidia mbele ya tribinali ya amani.

Nanyi askari na mahakimu mnaotusikiliza: watu hawakuzaliwa na kiberiti mkononi. Kila faili inayouzwa inawafundisha kwamba ofisi yenu haina maana, na siku wakishaamini hivyo, hata askari mwema hatasikilizwa.

Imani hairudi kwa hotuba, hata kwa hii ya kwetu. Inarudi watu wanapoona kesi moja ya jirani yao imefika mwisho. Kwa hiyo kumbuka ajali ya mwisho katika avenyu yako. Faili yake iko wapi? Wiki hii nendeni watu wawili au watatu, pamoja na familia, mkaulize kwa heshima. Msipojibiwa, rudini tena.

Kwa leo tunaishia hapa. Ufike nyumbani salama.