Mama Achague Baisikeli Inayomtosha

Akina mama wa vikundi, swali lenu ni hili: zamu yako ya meri-go-raundi imefika, na hujawahi kuendesha, ununue baisikeli gani?

Black Mamba, ile nyeusi tuliyozoea, ni ngumu na ina keria, lakini ni nzito na haina gia za kubadilisha. Sisi hapa Eldoret tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na anayepanda kwenda Iten anajua mlima ni nini. Kwa hivyo mauntini yenye gia na tairi pana za kushika matope si anasa ya vijana.

Lakini usimtume bwana akuchagulie. Atapima kwa mguu wake! Nenda mwenyewe, na ile sketi ya kila siku. Simama baisikeli ikiwa katikati ya miguu: nyayo zote mbili zilale chini, chuma cha juu kisikuguse. Kikikugusa, iache, hata bei ikiwa rahisi namna gani. Kiti hushushwa, fremu haishushwi. Zipo zenye chuma kilichoinama, hizo zafaa sketi. Vidole visipofikia breki, fundi ataisogeza. Springi za bei ya chini ni uzito tu. Tena mauntini nyingi huuzwa bila keria. Mtungi wa maziwa utaufunga wapi? Uliza kabla ya kulipa.

Jifunzie uwanja wa shule, kiti kikiwa chini. Watu watacheka, wacheke. Na risiti iandikwe jina lako, maana ni wewe utakayeendelea kuchanga.