Hati Moja, Milango Mingi: Kuzipanga Nyaraka za Biashara Katika Kompyuta

Tunazungumzia jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku linapohitajika, nalo ni namna ya kuzipanga nyaraka za biashara ndani ya kompyuta ili zipatikane zinapotakiwa.

Aliyewahi kupokea barua kutoka ofisi ya serikali nchini Tanzania ataikumbuka mistari inayotangulia maneno yenyewe. Pana tarehe, pana "Kumb. Na." ikifuatiwa na herufi na tarakimu zilizotengwa kwa mikwaju, na mara nyingi pana ombi kwamba namba hiyo itajwe wakati wa kujibu. Mistari hiyo haisemi lolote juu ya shida iliyosababisha barua kuandikwa. Kazi yake ni kumwambia karani wa masijala barua ni ya jalada gani, na jibu likirudi liwekwe wapi. Wataalamu wa kompyuta huyaita maelezo ya namna hiyo metadata, yaani habari zinazoihusu hati, mbali na yale yaliyomo ndani ya hati. Jina ni geni, ila kazi ni ya kale. Mwaka 987, huko Baghdad, Ibn al-Nadim alitunga Al-Fihrist, kitabu kilichoorodhesha vitabu vya lugha ya Kiarabu pamoja na habari za watunzi wao. Neno letu fahirisi lina asili moja na jina la kitabu hicho.

Sasa na tuichukue biashara ambayo wengi wenu mlioko Dubai na Sharjah mnaifahamu vizuri: kununua magari yaliyotumika na vipuri, kuvipakia katika kontena, na kuvisafirisha hadi Mombasa, Dar es Salaam au Unguja. Kontena moja huzaa karatasi nyingi. Kuna ankara ya muuzaji, orodha ya mizigo, hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, fomu za forodha, risiti za benki, na barua pepe za wakala wa forodha anayeungoja mzigo bandarini. Mwenye biashara akitaka kuziweka zote katika folda, hukabiliwa na swali lisilo na jibu zuri. Je, folda ziwe za wateja, za miaka, au za bandari? Akichagua wateja, siku mkaguzi wa kodi atakapotaka ankara zote za robo mwaka itambidi afungue folda ya kila mteja. Akichagua miaka, mteja atakayepiga simu kuulizia gari lake asiyekumbuka alilipa lini atamsumbua nusu ya siku. Folda ni kama rafu ya ukutani, kwani kitu kilichowekwa hapa hakiwezi kuwa pale. Wapo wanaoinakili hati moja na kuiweka kila mahali. Kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi, kwa sababu nakala moja ikisahihishwa, zile nyingine huendelea kusema uongo.

Kompyuta yenyewe huandika maelezo machache juu ya kila faili: jina lake, ukubwa wake, na tarehe ilipohifadhiwa. Maelezo hayo hayaijui biashara yako. Ankara ya mwaka 2019 ikiskaniwa leo, kompyuta itaipa tarehe ya leo, na anayetafuta kwa kutumia tarehe hiyo atapotea. Kwa hiyo mwenye biashara hana budi kujitungia vipengele vyake mwenyewe. Programu ya Word ya Microsoft inayo nafasi hiyo katika sifa za hati, ambamo mtu hutaja jina la kipengele, huchagua kama kitapokea maandishi, tarehe, namba, au ndiyo na hapana, kisha hukijaza. LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo, inayo nafasi kama hiyo. Mashirika makubwa hutumia mifumo kama SharePoint, ambamo maktaba nzima ya nyaraka hupewa safu zake. Na kwa ofisi ya watu watatu, rejesta moja katika lahajedwali, yenye mstari mmoja kwa kila hati na jina kamili la faili katika safu ya kwanza, hufanya kazi hiyo kwa heshima kabisa.

Vipengele viwe vingapi? Mwaka 1995 wakutubi na wataalamu wa kompyuta walikutana katika mji wa Dublin, ule ulioko Ohio nchini Marekani wala si wa Ireland. Mkutano huo ndio uliozaa orodha ya vipengele iitwayo Dublin Core, ambayo baadaye ilitulia katika vipengele 15. Mfanyabiashara wa kontena hahitaji hata nusu yake. Aketi na kuyaandika maswali anayoulizwa mara kwa mara: gari la fulani limefika? Ankara ya mzigo huu iko wapi? Nani hajamaliza kulipa? Maswali hayo ndiyo yatakayozaa vipengele: aina ya hati, mteja, namba ya kontena, namba ya hati ya shehena, tarehe ya hati, na hali ya malipo. Kipengele kisichojibu swali lolote kifutwe. Karani aliyepewa vipengele 20 vya kujaza ataandika "mengineyo" katika 14, na hatupaswi kumlaumu.

Namba ya kontena ni kipengele kizuri mno. Ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zilizoitangulia, hivyo aliyekosea kuiandika aweza kugunduliwa. Majina ya watu hayana ulinzi huo. Mteja mmoja huandikwa Mohamed leo, Muhammad kesho, na Mohammed keshokutwa, na kwa kompyuta hao ni watu watatu. Vivyo hivyo Dar es Salaam, DSM na Dar. Dawa yake ni orodha iliyofungwa, ambayo karani huchagua jina badala ya kuliandika upya. Tarehe nazo zina mtego wake. 03/04 kwa aliyeko Minneapolis ni tarehe 3 ya mwezi wa nne wa nani? Kwake ni Machi 4, ilhali kwa nduguye aliyeko London au Mombasa ni Aprili 3. Anzeni na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2024-04-03. Hapo hakuna ubishi, na kompyuta itazipanga tarehe kwa mfuatano wake.

Hasara ya kutofanya haya ni ya fedha. Meli ikishatia nanga na hati ya shehena isionekane, mzigo hautoki, na siku za bure zikiisha gharama huanza kuhesabiwa kwa kila siku. Sheria nazo zina muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mtu. Kenya na Tanzania hutaka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe kwa miaka 5. Falme za Kiarabu, zilizoanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani tarehe 1 Januari 2018, nazo kwa kawaida hutaka miaka 5 kwa kumbukumbu za kodi hiyo, na kampuni ya Uingereza hutakiwa miaka 6. Katika ofisi nyingi, mpangilio wote umo kichwani mwa karani mmoja. Akipata kazi kwingine, au akifikwa na mauti, ofisi hubaki na maelfu ya faili zenye majina kama "skani 0047", na mteja aliyekwisha kulipa hushindwa kuthibitishiwa malipo yake na kampuni ileile iliyozipokea fedha.

Ipo tahadhari moja. Maelezo haya husafiri pamoja na hati. Mwezi Februari 2003 serikali ya Uingereza iliweka katika intaneti waraka kuhusu Iraq ukiwa katika faili ya Word, na ndani ya faili hiyo wachunguzi walikuta kumbukumbu iliyofichika yenye majina ya watumishi walioushughulikia. Hivyo basi, yule aliyejitungia kipengele cha "bei ya kununulia" asije akamtumia mteja hati hiyo kama ilivyo. Word inayo sehemu ya kukagua hati na kuondoa maelezo hayo, nayo itumiwe kwenye nakala ya kutuma, asili ibaki ofisini.

Na zile nyaraka za miaka iliyopita? Ziacheni zilipo. Anzeni na hati inayoingia leo, ijazwe vipengele vyake kabla haijahifadhiwa, na ya zamani ijazwe siku mtu atakapoifungua kwa haja nyingine.