Kansa ya matiti si ulozi

Bandugu, dada zetu wa Goma,

Kansa ya matiti ikiua mama, kisha binti, mtaani wanasema ni ulozi. Hapana! Inaweza kuwa jeni ya kurithi, kama BRCA1, na hata baba anaipitisha. Kati ya wanawake 100 walio nayo, karibu 70 wataugua kabla ya miaka 80.

Angelina Jolie alipimwa, akatolewa matiti mapema, 2013. Pesa alikuwa nayo. Sisi, tangu kiwanja cha ndege kifungwe Januari 2025, hata kufika Kinshasa ni taabu.

Kipimo bila matibabu ni kumtisha binti bure. Tunadai vyote viwili, kwa bei ambayo mama wa Birere anaiweza. Leo, ulizeni shangazi pia: nani aliugua, akiwa na miaka mingapi? Mwambieni muganga.