SOMO LA REDIO: INJINI INAPOKOSA MOTO

Kalamu na karatasi ziwe tayari, maana leo zitafanya kazi ya fundi.

Fikiri juu ya pikapu ya zamani inayopanda kilima na mzigo wa mahindi. Badala ya kunguruma sawasawa, injini inatikisika na kukohoa, na nguvu zinapungua. Mafundi husema, "Gari inamisi." Maana yake, silinda moja au zaidi haiunguzi petroli yake. Wengi hukimbilia dukani kununua plagi 4, kisha koili, kisha kabureta. Fedha zinakwisha, na injini bado inakohoa. Basi shika neno hili: kwanza tafuta silinda iliyo mbovu, ndipo utafute ubovu wenyewe.

Wala usiseme, "Itafika hivyo hivyo." Petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, chuma kikasagana na chuma. Ubovu wa plagi moja waweza kuharibu injini nzima.

Tuchukue Toyota Hilux ya zile za kwanza, zilizotoka mwaka 1968. Ina silinda 4, kabureta na distributa. Andika: 1, 2, 3, 4. Namba 1 ni silinda ya mbele, karibu na feni.

Simamisha gari mahali pa wazi, vuta breki ya mkono, toa gea. Hakikisha petroli haivuji. Nguo isining'inie karibu na feni.

Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya wa plagi namba 1. Chomeka plagi ya akiba katika waya huo, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta. Usiishike, maana umeme wake hupiga. Sasa mwenzako awashe injini. Sikiliza. Ikizidi kutikisika, silinda namba 1 ilikuwa ikifanya kazi, andika "nzima". Zima, rudisha waya pale pale, kisha jaribu namba 2, 3 na 4 vivyo hivyo. Ukichomoa waya na injini isibadilike, hiyo ndiyo silinda mbovu.

Tuseme ni namba 3. Ngoja injini ipoe. Fungua plagi ya 3 na ya 2, uzibadilishane. Jaribu tena. Ubovu ukihamia namba 2, plagi ndiyo mbaya: nunua moja tu. Ukibaki namba 3, tazama waya wake na kifuniko cha distributa. Ufa mwembamba au unyevu hupoteza cheche njiani.

Kama cheche ni nzuri, pima pumzi ya silinda. Toa plagi zote, na chomoa waya mdogo wa koili ili cheche zisiruke. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako azungushe injini kwa stata. Pumzi nzuri hukisukuma kidole kwa nguvu. Ikiwa hafifu katika silinda moja, huenda valvu imeungua. Ikiwa hafifu katika silinda mbili zinazopakana, huenda gasketi imepasuka kati yao. Hapo mwite fundi, umwonyeshe karatasi yako.

Na kama ubovu hauna mahali, mara silinda hii, mara ile, usilaumu plagi moja. Tazama vile vitu vinavyotumiwa na silinda zote: pointi, kondensa, koili, au maji na uchafu katika petroli.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini hatununui plagi 4 mara moja?
2. Ubovu ukihama pamoja na plagi, ni kitu gani kibaya?
3. Andika jina la kitu kimoja kinachotumiwa na silinda zote.

Someni tena polepole, kila mmoja sentensi moja.