Mwanamke na Fimbo ya Kwanza ya Gofu

Mwanamke anayeanza gofu hahitaji mfuko uliojaa. Kanuni huruhusu fimbo zisizozidi 14. Kwake chache za kuazima zatosha. Na aanzie karibu na shimo, akiusukuma mpira taratibu, kwani hapo nguvu za mkono si hoja.

Kikwazo si gharama pekee (nayo ipo), bali aibu ya kukosea mbele ya waliozoea. Tangu mwaka 2020, mfumo wa dunia wa handikapu humwezesha mchezaji, awe mwanamke au mwanamume, kupunguziwa hadi mikwaju 54 katika mashimo 18, yaani mitatu kila shimo. Basi aliyezoea kuutazama uwanja wa Gymkhana Arusha kutoka nje ya uzio, aingie getini, aulizie ada na mwalimu.